Damu Inapita Vizuri

Kipandauso kilimshika Eunike asubuhi, akiwa uani anachambua kahawa. Sadoki, mumewe, alimwona akiziba jicho la kushoto kwa kiganja, akajua. Siku zote alikuwa akimkimbilizia dawa. Safari hii hakutakiwa. Daktari Kauthar, aliyekuwa akifanya utafiti katika hospitali moja mjini Arusha, aliwaomba kwamba maumivu yakianza Eunike aletwe kabla hajameza chochote, ili wapime damu inavyokwenda kwenye ubongo kichwa kikiwa kinauma. Akibadili mawazo, dawa yake anywe tu.

Waliteremka kutoka Akheri kwa gari la jirani. Kila tuta lilimfanya Eunike agune, na Tengeru gari likasimama atapike. Sadoki alimfunika uso kwa kitenge kuzuia mwanga, akamsihi anywe dawa warudi zao.

"Hapana," Eunike alisema. "Nataka waone. Mama yako naye ajue."

Mama yake Sadoki alikuwa akiwaambia majirani kwamba kichwa hicho huuma msimu wa kuchuma kahawa tu.

Hospitalini walizima taa. Daktari alimpaka Eunike jeli kwenye panja, akaegemeza hapo kifaa kidogo cha ultrasaundi. Chumba kikajaa mvumo, fuu, fuu, fuu. Ilikuwa damu ya mkewe. Sadoki aliikodolea macho mistari ya kwenye skrini, haielewi, akingoja daktari ashtuke. Hakushtuka. Alipima upande wa pili, akarudia wa kwanza, kisha akampa Eunike dawa.

"Damu inapita vizuri pande zote," alisema kwa upole.

Eunike akaanza kulia bila sauti. Daktari akaeleza kwamba maumivu yake ni ya kweli kabisa, kwamba kwa wagonjwa wengi mishipa ya damu ya ubongo haionyeshi tofauti hata kichwa kikiuma, na ndiyo maana bado wanachunguza. Sadoki alielewa. Ila alijua pia ni maneno gani yatakayosikika nyumbani.

Waliporudi, mama alikuwa kibarazani anamenya ndizi. Eunike alimpita, akaingia chumbani na kushusha pazia. Mama akauliza mashine imeona nini. Sadoki akaanza habari za mishipa, akajikanyaga, akamaliza kwa kusema damu inapita vizuri.

"Kumbe ni mzima."

"Anaumwa, mama."

"Mbona mashine haikuona?"

Sadoki aligeuka kutazama alikolala Eunike. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Alichukua kisu, akaketi, akaanza kumenya ndizi naye.