Mbio za Mteremko wa Ndarugu

Kaleli alifukuzwa kazi kwa sababu ya mchezo.

Mwaka 1954 alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya shamba kubwa la mkonge, katikati ya Ruiru na Thika. Meneja wa shamba alikuwa ameona mchezo fulani kwenye milima ya Ulaya: mtu analala kifudifudi juu ya ubao wenye vyuma chini, kichwa mbele, anateleza kwenye barafu. Kwa kuwa barafu hapa hakuna, alichagua mteremko wa udongo mwekundu unaoshuka kuelekea mto Ndarugu, akaamuru wafanyakazi wachimbe mitaro miwili na kuimwagia maji. Mwanzoni walicheza Wazungu peke yao. Baadaye wakapungukiwa na washindani, meneja akatangaza kwamba yeyote anayetaka aje.

Kaleli alitaka. Alijitengenezea ubao, akaupigilia vyuma vya pipa kuukuu, akavipaka mafuta ya kondoo. Kila Jumamosi baada ya kazi alishuka mtaroni na rafiki yake Ndung'u, ambaye walivunja mawe pamoja. Alijifunza kukimbia ameinama, kujitupa juu ya ubao, na kuugeuza kwa bega bila kukokota miguu. Mara nyingi alirudi nyumbani kidevu kinavuja damu.

"Kwani umeoa mimi ama umeoa ubao?" mkewe Kamene alimwuliza.

Siku ya mashindano walibaki wawili, Kaleli na Denis, mpwa wa meneja. Filimbi ikalia. Udongo ulipita chini ya kidevu cha Kaleli ukimrukia machoni. Kwenye kona, Denis aliogopa akashusha mguu kupunguza mwendo. Kaleli alilaza bega, akauacha ubao uende. Alikuwa ameshasimama chini, anajifuta tope, Denis alipofika.

Kamene alipiga vigelegele, wafanyakazi wakaitikia. Meneja akanong'onezana na wenzake, kisha akashika kombe la mshindi.

"Kombe hili ni la amachua," alisema. "Amachua anacheza kwa kupenda tu. Hapati mshahara kwa nguvu za mwili wake. Kaleli analipwa kuvunja mawe, kwa hivyo si amachua. Mshindi ni Denis."

"Mimi nalipwa kuvunja mawe," Kaleli alisema. "Nani amenilipa kuteleza?"

"Sheria ni sheria."

"Na asubuhi mliponiruhusu kushindana, sheria ilikuwa imelala wapi?"

Askari wawili wenye bunduki wakasogea. Ulikuwa ni wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari, na Wakikuyu walikuwa wakikamatwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Ndung'u alimvuta Kaleli shati.

"Nyamaza, tafadhali. Wewe Mkamba watakufukuza tu. Mimi Mkikuyu watanipeleka kambini."

Kaleli akanyamaza kwa ajili ya Ndung'u. Denis alipokea kombe bila kumtazama.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Denis alikuja kwenye nyumba za wafanyakazi. Alitoa kombe ndani ya taulo.

"Chukua, ni lako," alisema. "Lakini mjomba asijue."

Kaleli hakunyoosha mkono. "Ulipewa mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Basi simama mbele ya watu hao hao, useme nilikushinda."

Denis akawa mwekundu mpaka masikio. "Hilo siwezi."

"Basi toka mlangoni kwangu."

Kesho yake nyapara alimwambia Kaleli aache mawe, akachote maji ya kulowesha mitaro. Wageni wa meneja walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kuteleza. Kaleli aliitazama ndoo, akaiacha hapo chini, akachukua sururu. Alishuka mteremkoni akaanza kubomoa mtaro mmoja. Ndung'u alipomfuata, Kaleli alimfokea arudi haraka, asionekane naye. Akaendelea kupiga, mabonge yakiruka, mpaka kona yote ikawa shimo.

Meneja alikuja mbio. "Una wazimu?"

"Ulisema nalipwa kuvunja," Kaleli alijibu. "Navunja."

Kabla ya saa sita Kaleli na Kamene walikuwa wametolewa nje ya lango na vyombo vyao. Walitembea kwenda Makongeni, mjini Thika, kwa Syokau, dada yake Kamene. Kamene alikuwa amebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na hakufunga mdomo.

"Kombe lililetwa mpaka mlangoni, ukalikataa! Sasa tutalala sakafuni kwa watu. Ungechukua tu, ukanyamaza!"

"Kama mwizi?"

Kamene aliongeza mwendo. Walitembea, kila mmoja na hasira yake, malori ya mkonge yakiwapita na kuwafunika vumbi.

"Lakini ulimwacha mbali yule kijana," Kamene alisema mwishowe.

"Mbali sana."

"Wale watu walituona sisi ni mawe," alisema, akatema mate kando ya barabara. "Ningekuwa na sururu yangu, ningebomoa ule mtaro wa pili."