Kamba ya Saa ya Chakula

Katika kiwanda cha minofu ya samaki hakuna aliyeruhusiwa kukaa, na Leonsia alikuwa ameizoea sheria hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti. Alisimama mezani na kisu chake, akimchuna sangara, minofu huku, mapanki ya mifupa na vichwa kule, mpaka jioni. Wanawake wa meza yake walikuwa wameomba viti hadi msimamizi wao, Chenge, akaacha hata kujifanya anasikiliza. Miguu ya Leonsia ilivimba ikagoma kutoka kwenye mabuti.

"Mama, hiyo miguu inataka kuchezeshwa," nesi aliyekuwa jirani yake mtaani Kiseke alimwambia. "Uwe unarukaruka kidogo."

Leonsia aliona amedharauliwa. Lakini siku moja, saa ya chakula, mwenzake Dorotea aliokota kamba ya kufungia maboksi, wakaanza kuizungusha uani. Leonsia alivua mabuti kwa taabu, akakaza kitenge, akaingia. Sheria ilikuwa ile ile ya utotoni: ukiikanyaga kamba, unakwenda kuizungusha. Hakuikanyaga. Aliruka, akaruka tena, kisha hakushuka. Alibaki hewani usawa wa kiuno cha Dorotea, miguu ikining'inia, maumivu yamemtoka yote. Alicheka hadi machozi, mama mzima mwenye wajukuu.

"Shuka basi, dada, na wenzio waruke," Dorotea alisema. "Nyie Wahaya hata hewani mnajidai!"

Wiki haikuisha kabla meza nzima haijajua kukaa juu. Makorongo waliokuwa ukutani wakisubiri mapanki walisogea kuwapisha.

Chenge alitoka ofisini, akainua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Na hapo miguu inauma?"

"Haiumi hata kidogo," Leonsia alijibu kwa furaha. Alisema kweli tupu, na hapo ndipo alipokosea.

Jumatatu walikuta meza zimeinuliwa hadi usawa wa mtu anayeelea. Kamba iliwekwa mlangoni, na kila mwanamke aliruka kabla ya kupewa kisu; aliyeshindwa kupaa alirudishwa nyumbani. Habari ya viti ikafa, maana anayeelea kiti cha nini. Na kwa kuwa miguu haikuchoka tena, saa ya kutoka ilisogezwa mpaka taa za wavuvi wa dagaa ziwake ziwani. Sasa yaliwaka mabega na viganja. Leonsia alimchukia Chenge, lakini aliuchukia zaidi mdomo wake mwenyewe.

Mchana mmoja Dorotea aliikunjua kamba uani kama zamani.

"Njoo, dada. Turuke kidogo, tucheke."

Leonsia aliitazama ile kamba. Kisha akajilaza chini, kwenye saruji iliyojaa magamba ya samaki, akajifunika kitenge usoni.

"Niache, Dorotea," alisema. "Niko mapumziko."