Kisanduku cha Kumsikilizia Mtoto

"Mjomba," mama mkwe wa mdogo wake alimwambia Bisibisi kabla hajatua hata mkoba wake, "mimi sina ugomvi na mashine zako. Lakini mjukuu wangu akilia, mama yake hasikii. Hilo si tusi, ndivyo lilivyo. Basi hicho kisanduku kikifanya kazi mbele ya macho yangu mchana huu, mtoto analala hapa kwa mama yake. Kisipofanya, jioni naondoka naye, akalale kwangu mpaka apate akili ya kumvuta mama yake nguo."

"Sawa, mama."

Hakuona cha kubishia. Sharti lilikuwa la haki, kwani kifaa ama kinafanya kazi ama hakifanyi. Aliyesimama mlangoni na mikono imekunjwa, akisoma midomo yao kwa zamu, ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Huyo ni mdogo wake Bisibisi, mama wa mtoto. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mara nyingi usiku mama huyo alikuwa peke yake na kichanga chake.

Bisibisi alikula kwa kupima viwanja. Saketi ndogondogo zilikuwa mapenzi yake ya siku za mapumziko, na jina lenyewe alipewa na huyu mdogo wake. Binti hakuwahi kusikia tangu azaliwe, hivyo alimwita kaka yake kwa kuzungusha vidole hewani kama anayekaza skrubu, na nyumba nzima ikalitafsiri jina hilo kwa mdomo. Lilikuwa na asili yake. Alipokuwa mdogo alipenda kuweka kiganja juu ya redio ya baba yao, akahisi inavyotetemeka, kisha akauliza kwa mikono: ndani kuna nani? Kaka akaifungua redio ili apate jibu. Walichapwa wote wawili. Hata hivyo, kila alichokuja kukijua Bisibisi kuhusu umeme kilianzia kwenye swali lile, na kwa elimu hiyo alimshukuru mdogo wake kuliko hata walimu wake.

Kisanduku kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni. Ndani mlikuwa na maikrofoni na mikrokontrola, chipu moja iliyobeba programu aliyoiandika mwenyewe. Kilio kikizidi kiwango alichokiweka, chipu iliwasha mota yenye uzito upande mmoja, na mota ikatikisa mto wa kulalia. Umeme ulitoka kwenye adapta ya volti tisa. Kwa kuwa volti hizo zingeiunguza chipu, palikuwa na kidhibiti volti, kidude cha miguu mitatu kilichozishusha hadi tano na kuzishikilia hapo.

Mdogo wake alijilaza kitandani, kisanduku kikiwa chini ya mto, akaelekea ukutani na kufumba macho. Mama mkwe alimweka mtoto kwenye kitanda chake cha mbao. Mtoto alikuwa na njaa, naye alilia kwa juhudi zote za mwenye haki yake.

Chini ya mto kitu kilishtuka, kikanyamaza. Kikashtuka tena, kikanyamaza.

Mdogo wake akafumbua macho. "Kama nzi aliyegonga dirisha," alisema kwa mikono. "Ningekuwa nimelala, nisingejua kitu."

"Ndiyo yenyewe hiyo?" mama mkwe aliuliza. "Hata kuku akijikung'uta anatikisa zaidi."

"Nyumbani kwangu ilifanya kazi, mama."

"Hata mimi nyumbani kwangu ni mwimbaji."

Mama mkwe alimrudishia mama mtoto wake amnyonyeshe. Bisibisi akafungua kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Alidhani maikrofoni haisikii sawasawa, kilio kinaiponyoka katikati. Akashusha kiwango, wakajaribu kwa mama mkwe kuiga kilio cha mjukuu wake, jambo alilolifanya kwa moyo wote. Hali ikawa ileile. Akashika mita, akapima volti zilizotoka kwenye kidhibiti. Mita ilisoma tano kasoro kidogo, namba zikichezacheza, asielewe zinachezea nini.

Mdogo wake, mtoto akiwa amesinzia begani, alichukua kisanduku akakiweka kwenye kiganja.

"Mama alie tena," aliomba kwa mkono mmoja.

Mama mkwe akalia. Mdogo wake akatulia, macho kwenye ukuta, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akamgeukia kaka yake. "Kinashtuka, kinanyamaza. Kinashtuka, kinanyamaza. Ukimya una urefu uleule kila mara."

"Una hakika?"

Akamgongea mpigo huo kwa kidole mezani.

Bisibisi akaweka mita chini. Hakuna anayelia kwa mpangilio. Kama kosa lingekuwa kwenye kusikia, vipindi vya ukimya vingepishana. Ukimya unaolingana ulikuwa wa kitu kingine, na yeye ndiye aliyeuandika. Mwanzoni mwa programu aliweka kituo kifupi ili maikrofoni itulie. Yaani chipu ilikuwa inazimika na kuanza upya, tena na tena. Mota, iliyokula kwenye kidhibiti kilekile cha chipu, ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi; kile kidhibiti kidogo hakiumudu, volti zinaanguka, chipu inazimika na mota nayo inasimama. Mzigo ukiondoka volti zinarudi, na mchezo unaanza tena.

Na kwake je? Kwake alijaribu kwa taa. Mota ilikuwa inatembea mezani na kunguruma mpaka mkewe akalalamika, hivyo akaitoa, akaweka kitaa kidogo mahali pake. Kitaa kilipowaka, akahesabu kazi imekwisha.

"Mama," alisema, "nimewapakulia wawili sahani moja, na mmoja wao ni mlafi."

"Na ulipojaribu ulimlisha nani?"

"Taa. Taa hula kidogo."

"Ukapima sufuria ya harusi kwa mlo wa mgonjwa." Akatikisa kichwa, lakini alikuwa anacheka. "Haya, mpe mlafi sahani yake."

Ndivyo alivyofanya. Kwenye mkoba mlikuwa na kidhibiti kikubwa zaidi, chenye mgongo wa bati. Alikilehemu kiihudumie mota peke yake, moja kwa moja kutoka kwenye adapta, akakiwekea na kapasita zake za kutuliza umeme. Kile kidogo akakiachia chipu. Mama mkwe alimshikia tochi ya simu bila kuombwa na bila kulitaja tena suala la jioni, na Bisibisi aliliona hilo akalitia moyoni.

Jaribio la pili lilikwamishwa na mtoto mwenyewe. Alikuwa ameshiba, hana shida na mtu.

"Niachieni mimi," mama mkwe alisema, akamvua nguo. Kelele zikapanda. Mto ukatetemeka bila kukatika, na mdogo wake akainuka kama aliyemwagiwa maji. Mama mkwe akataka irudiwe, na ikarudiwa. Akataka tena, wakati huu adapta ikiwa kwenye soketi nyingine, asije akachezewa. Kila mara mama wa mtoto aliinuka.

"Abaki," mama mkwe alisema. Akakaa kwenye kochi la sebuleni taratibu, kama aliyetua ndoo. "Sijapata usingizi wa maana tangu azaliwe. Najinyoosha mgongo tu."

Bisibisi alikuwa anakunja nyaya zake mtoto alipolia, safari hii kwa hiari yake. Alisimama kwa mazoea ya mtu anayesikia. Sebuleni mama mkwe hakujigeuza hata ubavu. Chumbani, mdogo wake alikuwa ameshakaa kitako, mtoto kifuani.

"Asante," kaka alimwambia kwa mikono.

"Ya nini? Wewe ndiye uliyekitengeneza."

"Ya ule ukimya. Mimi nisingeuhisi."

Akatabasamu, akauliza, "Mama je, hajaamka?"

Bisibisi alilaza shavu kiganjani, akaachama mdomo, akatikisa mabega.

"Anakoroma?"

"Kuliko mota."

Mdogo wake akacheka bila sauti, mtoto akitikisika naye. "Usimwamshe," alisema. "Huku nipo mimi."