Mgao wa Vidonge

Masele hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, goti linacheza. Akilala, vidole vya miguu vinasaka pa kwenda. Homa ya tatu ya msimu ule wa mvua ilipomshika machimboni, nje kidogo ya Segese, wenzake waliapa kwamba kitanda chake cha kamba kilitetemeka hadi kikatoka chenyewe nje kuota jua. Wasiopenda kutia chumvi husema kilifika mlangoni tu.

Zahanati walimpima, wakampa dawa ya mseto: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Lakini duara lao, yaani shimo lao na watu wake sita, lilikuwa na sheria iliyoitangulia hata winchi: kinachoingia kambini kinagawanywa. Samaki mmoja, watu sita. Sigara moja, watu sita. Basi na vidonge ishirini na vinne, watu sita, vinne kila mdomo, hesabu iliyonyooka kana kwamba kiwanda kiliwafikiria wao. Hata Kalisti, ambaye alikuwa mzima kama ng'ombe dume, alimeza fungu lake asije akadhulumiwa.

Homa ikashuka. Wakarudi shimoni wakiisifu dawa. Siku ya kumi homa ikarudi, na wao wakagawana dozi nyingine.

Ndipo jiwe likamkwaruza Masele kwenye muundi. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa wa kuchekwa na kuku. Wiki haijaisha, mguu umevimba, unang'aa, umekuwa wa moto. Mkewe Rhoda alipofika kutoka Masumbwe, aliutazama mara moja tu, akaenda kuita bodaboda.

"Mama Juliana, kesho tunaufikia mwamba wa dhahabu," Masele alilalamika.

"Wenzako wataufikia. Wewe utafika Kahama."

Hospitalini Kahama alipokewa na tabibu aitwaye Mariana, binti ambaye Masele angeweza kumzaa kama angeoa mapema. Alimwamkia vizuri, shikamoo baba, kisha akambonyeza chini ya mbavu za kushoto mpaka Masele akakunja uso.

"Bandama imevimba. Umeugua malaria mara ngapi tangu mvua zianze?"

"Mara moja tu. Ila inaenda na kurudi."

"Dozi ulimaliza?"

"Tulimaliza."

"Tulimaliza? Wewe na nani?"

Rhoda akakohoa. Masele akaeleza mgao, kwa fahari kidogo, maana ilikuwa sheria nzuri. Mariana hakucheka.

"Sikiliza, baba. Damuni mna askari. Malaria ikipasua chembe za damu inaacha uchafu mweusi, na askari hao ndio wanaoufagia, kwa kuumeza. Wakishaumeza mwingi wanakuwa wazito. Mdudu wa kidonda anapita mbele yao, hawanyanyuki."

"Kama walinzi walioshiba ubwabwa."

"Ubwabwa ungewapa nguvu. Hawa wameshiba takataka. Na wewe huwapi nafasi ya kupona. Unaiacha malaria nusu hai, inarudi, wanaanza kufagia upya. Ungechelewa siku mbili tungekuwa tunazungumza habari ya kuukata huu mguu. Sindano zitapambana na kidonda. Malaria uimalize wewe. Vidonge vyote, tumbo moja."

Siku mbili Masele alilala akichezesha goti la mguu mzima, akiliwaza duara. Siku ya tatu jioni, vikiwa vimebaki vidonge vinne vya mwisho, Donatus, mmoja wa wale sita wa duara, akaingia wodini na koti zito, jasho usoni.

"Mgonjwa, naona unanenepa."

"Uongo huo uupeleke sokoni. Wenzetu?"

"Kalisti anatetemeka. Mimi mwenyewe hivi unavyoniona." Akakitazama kipakiti kando ya kitanda. "Wamenituma mgao."

"Vimebaki vinne."

"Tutavikata nusu nusu."

Masele alimtazama Rhoda. Rhoda akageukia dirisha. Miaka sita shimoni Masele hakuwahi kula kitu peke yake. Aliyefanya hivyo aliitwa fisi, na jina hilo halikumtoka mtu hata akihama mkoa. Akavimimina vyote vinne kiganjani. Mkono ulisita, ukaenda kwa Donatus, ukarudi. Akavitia mdomoni, akateremshia maziwa.

"Umekula peke yako," Donatus alisema polepole.

"Nimekula peke yangu."

"Nikawaambie nini?"

"Waambie Masele amekuwa fisi. Kisha waambie waje hapa, kila mtu na kidole chake cha kutobolewa, damu ipimwe. Na wewe huondoki."

"Mimi nina shimo linanisubiri."

Meno yake yaligongana katikati ya neno. Masele alishuka kitandani kwa mguu mmoja, akamshika mwenzake bega, na wakaenda wawili hivyo, mmoja anaruka, mwingine anatetemeka, Rhoda nyuma yao ameshika kandambili za mumewe, hadi benchi la maabara.

"Watanipa dozi nzima?" Donatus aliuliza.

"Nzima."

"Ya kwangu mwenyewe?"

"Ya kwako."

Donatus alikitazama kidole chake kwa muda, kama mtu anayekiaga, kisha akakinyoosha.