Habari Tatu na Mkasi Mmoja

Mkasi ulikuwa chini ya mto wa kiti tangu asubuhi, na Fundi alikuwa ameukalia kama kuku anayeatamia. Ulikuwa mkasi wake wa kazi, ule mzito wa kukatia makoti, uliokula vitambaa vya mtaa mzima kabla cherehani haijamharibu mgongo akaacha kazi. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alipokuja kupanga vikombe alimwuliza kama kiti kinamwumiza, maana alikuwa ameketi upande. Fundi akamjibu kwamba kinachomwumiza bado hakijafika. Kiko njiani, kinakuja kimevaa kofia.

Aliyekuwa njiani ni mdogo wake wa kike, baba mmoja mama mmoja. Watu walimwita Kiguu na Njia, lakini jina hilo alibandikwa kwa kejeli, kama mtu mfupi anavyoitwa Mlingoti. Miaka nenda miaka rudi Kiguu hakuvuka hata daraja la mtaa wake. Mama yao alipopooza ni yeye aliyebaki naye nyumba moja, mpaka siku ya kumzika. Basi mwaka huu wanawe wakachukua likizo, wakamtia garini, wakampeleka kuona ziwa, na baada ya ziwa mlima, na baada ya mlima maporomoko ya maji. Jina likapata haki yake.

Na hapo ndipo Fundi alipochagua kuanguka. Alikuwa bafuni. Presha ikapanda, yeye akashuka. Mkono wa kulia ulitangulia sakafuni, ukavunjika kwenye kiwiko na kwenye kifundo pia, wakamlaza wodini na plasta nzito kama tofali.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu mzima. Alipopata fahamu vizuri, kabla hata hajaomba maji, Fundi alitoa amri: mtu yeyote asimwambie Kiguu. Mwanawe akadhani mama anamwonea huruma mdogo wake asiharibikiwe na safari. Wapi. Fundi alitaka Kiguu ajue mwenyewe. Ndugu wa damu hushtuka usingizini, alijisemea. Jicho litamcheza, kijiko kitamwanguka, atarudi mbio bila kuitwa. Kila saa ya kuona wagonjwa alijiweka sawa kitandani, akatazama mlango wa wodi. Waliingia wake za watu, wajomba za watu, hata mchuuzi wa ndizi aliyekosea wodi. Kiguu hakuingia.

Badala yake ziliingia picha, kwenye simu ya mkwe. Kiguu ametia miguu ziwani. Kiguu ameshika kofia isipeperuke. Kiguu amesimama mbele ya maporomoko, kinywa wazi, kama aliyeyaamuru yaanze kumwagika. Mkwe alimwonyesha akidhani atachangamka. Fundi akasema amependeza, akageukia ukutani, na tangu hapo hasira yake ikawa inakula na kushiba kuliko yeye mwenyewe.

Ndipo akalikumbuka tandiko.

Lilikuwa tandiko la kitanda la kufuma kwa uzi, jeupe na la buluu, ambalo mama yao alilianza kwa kipande kimoja chenye nyota. Nyota hiyo ikakaa katikati. Fundi akawa anaongeza vipande upande wa kulia, Kiguu upande wa kushoto, na kila walipokutana waliviunga. Halikuwa na siku ya kumalizika. Kitanda cha kulitosha kilikwisha pitwa zamani, sasa lingeweza kufunika gari. Lilikaa kwa Fundi kwa kuwa ni mkubwa. Na leo, mara tu desturi itakapokwisha, Fundi atalikata katikati, nusu amtupie Kiguu akafunikie mikoba yake ya safari, na wasijuane tena. Mkasi ulikuwa chini ya mto kwa kazi hiyo.

Desturi yenyewe waliachiwa na mama. Walipokuwa wasichana hawakuweza kuketi bila kurukiana maneno, huyu hajamaliza yule amedakia, mpaka mama akachoka akaweka sheria. Wakikutana baada ya kupoteana, kila mmoja atoe habari tatu, kwa zamu. Kwanza habari ya njia, alikokwenda. Kisha habari ya mwili, alivyougua. Mwisho habari ya mikono, alichofuma. Kabla ya hapo hakuna kudakia wala kununa. Hasira, alisema mama, zivuliwe mlangoni pamoja na viatu. Anayezitaka atazikuta palepale akitoka.

Kiguu akafika. Jua lilikuwa limemchoma pua, na kofia ilikuwapo kweli. Alimkumbatia dada yake kwa upande, upande wa kushoto, na Fundi hakulitilia hilo maanani kwa sababu alikuwa anaushughulikia mkono wake wa kulia uliofichwa ndani ya shali. Plasta ilikwisha kutolewa, lakini vidole vilikuwa vimekauka kama vya kinyago. Habari ya mwili alitaka kuitoa kwa zamu yake, aitue mezani kama jiwe, amwone Kiguu akikosa pa kuweka uso.

Mwenye kutoka safari huanza. Kiguu akaeleza habari ya njia kwa kirefu: ziwa lisilo na ng'ambo, nyumba ya wageni yenye kitanda laini mpaka akalala sakafuni, mlima alioupanda nusu akaiambia nusu iliyobaki imngoje. Fundi alisikiliza meno yamebanana. Mdogo wake alikuwa anasimulia vizuri, na hilo lilimwudhi zaidi. Mara moja nusura acheke, ikabidi akohoe.

Ikaja zamu ya Fundi. Akasema njia yake yeye ilikuwa fupi: chumbani mpaka bafuni. Akangoja Kiguu aulize. Kiguu hakuuliza. Aliinuka amimine chai, kama kawaida ya mdogo. Akajaza kikombe chake, akajaza cha dada yake, akakisogeza mezani taratibu. Akakigeuza, mkono wa kikombe ukaelekea upande wa kushoto wa Fundi.

Fundi alikitazama kile kikombe. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Alikatia kulia, alishonea kulia, alichapia watoto kulia. Na mkono wenyewe ulikuwa bado ndani ya shali, haujatajwa.

"Ulijua," akasema.

Kiguu akaweka birika chini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uko wodini."

Kule kwenye mlango wa jikoni kitu kilikwaruza. Fundi aligeuza shingo polepole, akamwona mkwe wake amesimama na trei kifuani kama ngao. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa anamfulia hizo nguo. Fundi akamwuliza kama hakusikia amri.

"Nilisikia, mama," mkwe akasema. "Ulisema nisimwambie. Sikumwambia neno. Nilimtumia picha tu."

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo damu ilimpanda mpaka masikioni. Sheria ya mama ilikuwa bado haijaisha, habari mbili zilikuwa bado hazijatolewa, lakini hasira zilikwisha kuvaa viatu vyake na kuingia ndani.

"Kwa hiyo uliniona nimefungwa kama mzigo wa sokoni," akasema, "ukaenda kusimama mbele ya maporomoko."

"Nilikwenda."

"Bila haya."

"Nilifunga begi saa ileile, dada. Nikalifikisha mlangoni. Wanangu wakawasha gari. Halafu nikajiuliza, huyu ananificha kwa nini? Ananificha nipumzike, au ananificha anipime? Nikakaa juu ya begi nikafikiri. Nami nakujua. Nikalifungua."

Fundi akasema ndugu wa damu hahitaji kuitwa. Ndugu wa damu anajua.

Kiguu hakuinua sauti. Ingekuwa afadhali angeinua. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akaanza kuisokota ukingo. Akasema mama alipokuwa amelala miaka yote ile, yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Dada alikuwa na cherehani yake na wateja wake, sawa, hakuna aliyemlaumu. Alikuja kila Ijumaa, amevaa vizuri, na kitambaa kipya na maneno matamu, mama akamsifu wiki nzima.

"Mgongo wangu ulikatika mwaka wa pili," akasema. "Nilikuwa natambaa kwenda msalani. Sikukwambia. Ukaja Ijumaa, ukakaa kitini kama hivi, tukatoa habari tatu. Nikasema mwili ni mzima. Ukaamini. Ndugu wa damu anajua, siyo?"

Fundi akatafuta neno la kumpiga nalo mdogo wake, akapapasa huku na huku kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni. Akasema mficha maradhi, na methali yenyewe akaiacha nusu, kwa sababu alisikia inamwangukia yeye mwenyewe.

Hata hivyo hasira haikuondoka. Nani amesema mtu akikosea hasira humtoka? Humwongezekea. Akainua makalio, akauchomoa mkasi, akamwagiza mkwe alete tandiko.

Mkwe alilileta limejaa mikononi, sehemu nyingine ikiburuzika. Likafunika meza, vikombe viliondolewa chupuchupu. Kiguu alitazama mkasi, akatazama tandiko, akaelewa. Rangi ikamtoka, hata ile ya jua. Lakini hakusema usifanye.

Fundi akautoa mkono wa kulia nje ya shali. Ulikuwa umekonda, ngozi yake nyepesi kama ya kitunguu. Akaingiza dole gumba kwenye tundu la mkasi, likaingia. Vidole vingine vikagoma. Akavisukuma kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kama anayevisha mtoto asiyetaka shule. Vikaingia. Akaviambia vifunge. Mkasi ukabaki umetanua mdomo juu ya tandiko, unatetemeka, hauumi wala haulambi.

Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Akauhamishia kushoto, mkasi ukatafuna uzi pembeni ukateleza, maana mkasi wa fundi ulinolewa kwa mkono wa kulia na haujui bwana mwingine.

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa ghadhabu, pua na macho kwa pamoja, akiutukana mkono wake matusi ambayo mkwe hakujua mama mkwe anayajua.

Kiguu alipoona matusi yameanza kujirudia, akasema, "Na wewe ni fundi. Kitu cha kufuma hakikatwi. Ukikata, chote kitafumuka, na upande wako pia."

"Basi kifumuke."

"Kama unataka tugawane, tugawane. Kwenye maungio. Shika huku."

Akavuta kiti, akakaa mkabala naye, magoti kwa magoti. Fundi alibana ukingo kwa mapaja na mkono wa kushoto. Kiguu akatafuta kichwa cha uzi wa kuungia, akakipata, akaanza kufumua. Kipande kikaachana na kipande. Uzi uliokuwa unawashikanisha ukarundikana sakafuni, umekunjamana kama nywele zilizofumuliwa.

Midomo haikulala. Fundi alisema kipande hiki Kiguu alikifuma vibaya tangu zamani, yeye alikistahi tu. Kiguu akasema hicho alikifuma usiku mama akiwa na homa, na kama kimepinda, kipinde. Fundi akakumbusha sherehe ambayo Kiguu hakuja. Kiguu akamkumbusha nani alibaki na mgonjwa siku ya sherehe hiyo. Walifukua mpaka mambo ya utotoni, kitana kilichovunjwa na nani alisingiziwa. Na kadiri walivyogombana ndivyo walivyofumua kwa ustadi, mmoja akilegeza mahali mwenzake anapovuta, bila kuambiana.

Kisha wakafika kwenye nyota.

Ilikuwa imeungwa pande zote mbili, kulia kwa vipande vya Fundi, kushoto kwa vya Kiguu. Uzi wake ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa ya jana. Kiguu akaacha kuvuta.

"Hii ni yangu," Fundi akasema. "Mimi ni mkubwa."

"Ni yangu. Mimi ndiye niliyekaa naye."

Fundi akamwambia afungue upande wa kushoto. Kiguu akamwambia afungue mwenyewe upande wa kulia, kama vidole vinamtosha. Kila mmoja akashika upande wake. Hakuna aliyevuta, kwa sababu mafundi wote wawili walijua uzi mkuukuu unavyokatika. Wakakaa hivyo mpaka chai ikafanya utando.

Sasa tandiko lilikuwa kitu cha ajabu pale mezani: mabawa mawili makubwa, yameachana juu na chini, yameshikwa katikati na kipande kisichozidi kiganja.

"Hatujatoa habari ya mikono," Kiguu akasema.

Fundi akamwambia atoe, yeye ndiye aliyetoka safari.

"Nilibeba kikapu cha uzi njia nzima. Sikufuma hata tundu moja. Kila nikishika sindano nauona ule mkono wako kwenye picha, nakasirika, naiweka."

"Ulinikasirikia mimi?"

"Nani mwingine?"

Fundi akautazama mkono wake uliolala juu ya bawa la kulia. Akasema habari ya mikono yake inaonekana, haihitaji kusimuliwa. Daktari amesema avikunje vidole kila siku, ajaribu kushika kitu chembamba, na yeye hajajaribu, kwa kuwa kitu chembamba anachokijua ni sindano ya kufumia, na sindano ya kufumia inamkumbusha watu.

Kiguu alisimama, akavaa kofia. Mlangoni aliinama kutafuta viatu, na Fundi akamfuata mpaka hapo, mkasi umening'inia kwenye mkono wa kushoto. Akamnyooshea, mpini mbele.

"Nenda nao huu. Ukibaki hapa, vidole vikipona vitautafuta."

Kiguu akautia kwenye mkoba.

"Na kesho uje mapema," Fundi akasema. "Uje na hicho kikapu. Sijamaliza kukukasirikia."

"Mimi hata sijaanza vizuri," Kiguu akajibu, akashuka ngazi.

Fundi aliporudi ndani alimkuta mkwe ameinamia tandiko, hajui alikunje vipi.

"Usiliguse," akamwambia. "Wala usilipige picha."