Mgeni wa Nyuma ya Darasa

Stefania hakufurahi hata kidogo aliposikia kwamba mwalimu kutoka Handeni atakuja kuketi nyuma ya darasa lake. Mwalimu mkuu, Mzee Mhina, alisema ni mafunzo kazini tu: walimu wa Handeni na wa Korogwe watembeleane, wafundishane, basi. Lakini Stefania alikuwa amefundisha darasa la tatu hapo Kwamndolwa, Korogwe, miaka mingi, na alijua mtu haji kumsikiliza mwenzake bure.

"Mwaka juzi alikuja mmoja akakaa hivyohivyo darasani kwa mwalimu Elisha," Edna, mwalimu mwenzake, alimnong'oneza wakati wa chai. "Muhula haujaisha, Elisha kahamishiwa shule ya milimani. Nenda naye kwa akili."

Akaenda naye kwa akili. Mgeni huyo, Sharifu, alipoingia, kijana mrefu, mpole kupita kiasi, shikamoo kila baada ya hatua, Stefania alifundisha kuzidisha kwa tatu, somo ambalo watoto walikuwa wamelimeza wiki iliyopita. Majibu yalitoka kabla swali halijaisha. Ndipo Yusra, mtoto wa dawati la mbele, akasimama.

"Mwalimu, hili si tulishalimaliza?"

"Kaa chini," Stefania akasema haraka. Sharifu aliinamisha kichwa, na baada ya kipindi akasema tu, "Asante, mama. Na wewe karibu kwangu Handeni, uje unikosoe."

Neno hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Mtu amekamata kosa, mbona halisemi? Na nani humwomba mgeni amkosoe?

Wiki iliyofuata akapanda basi kwenda Handeni, moyoni amejiapiza kutotoa neno. Sharifu alifundisha kutoa kwa kukopa, wenzake wakimtazama: hamsini na mbili toa thelathini na saba. Akaandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Watoto wengi pale nyumbani husema Kizigua, wachache Kimaa, na wote walikuwa wametulia kama maji mtungini. Mmoja akajibu ishirini na tano, si kumi na tano. Darasa zima likaitikia ishirini na tano.

Baadaye ofisini Sharifu akawauliza wenzake, "Nimepotea wapi?"

Wakamwambia waziwazi: umeharakisha, umeita wa mbele tu. Hakukasirika. Akamgeukia Stefania.

"Somo lilikuwa zuri," Stefania akasema.

Bi Hamisa, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, akacheka. "Mgeni anatuogopa. Hapa hatumchongei mtu, mama."

Hata wanaochongea wangesema hivyo, Stefania akawaza. Lakini ile ishirini na tano ilikuwa inamkereketa, maana watoto wake nao huipata kila mwaka, naye hajawahi kumwambia mtu.

"Wanatoa ndogo kwenye kubwa," ikamtoka. "Wakiona saba haitoki kwenye mbili, wanageuza. Na wangu hivyohivyo. Sijui dawa yake."

Sharifu akavuta kiti. "Basi tuitafute."

Wakakaa mpaka mchana na njiti zilizofungwa kumikumi, wakifungua fungu, wakibishana, wakifunga tena.

Aliporudi Korogwe, Mzee Mhina alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Haya, umeona nini kule? Nani dhaifu?"

"Dhaifu kivipi, mwalimu?"

"Kuna mkubwa kaniuliza. Nitajie jina tu. Huyo Sharifu anajua kufundisha?"

Kwa mara ya kwanza Stefania alijiuliza kama kweli ni mgeni aliyempeleka Elisha milimani.

"Dhaifu niliyemwona ni mimi," akasema. "Kutoa kwa kukopa kunanishinda. Peleka jina langu."

Mzee Mhina akainuka, akafungua mlango.

Jumatatu Stefania akampigia Sharifu simu aje tena, safari hii kwa somo jipya, ambalo hata yeye hakujua lingeishaje. Alipokata simu, Edna alikuwa nyuma yake.

"Siku hizi mnapigiana simu na wa Handeni. Mnamjadili nani?"

"Kutoa kwa kukopa. Njoo usikie."

"Mh! Mimi simo," Edna akasema, akaondoka na kikombe chake.

Somo lenyewe halikwenda vizuri sana. Nusu ya watoto walipata, nusu waliachwa, na Sharifu alimwambia bila kuficha mahali alipowaacha. Ilimuuma. Kesho yake Stefania akalirudia, polepole, njiti mikononi mwa kila mtoto. Edna hakukanyaga darasani. Mzee Mhina hakuuliza tena, na hadi leo Stefania hajui kama jina lake lilipelekwa.