Mpaka Pale Naingia

Raihana alijifunza kuhariri video mwenyewe, nyumbani kwao Gasenyi, na somo lililomkaa kichwani lilikuwa moja tu: kata. Basi kazi yake ya kwanza, harusi ya binamu yake Shakuru, aliikata mpaka ikabaki fupi kama tangazo la soda.

Shangazi Mwantum aliitazama, akavua miwani. "We mutoto, mi niko wapi? Si nilitoa zawadi mbele ya watu wote? Rudisha yote! Usikate hata chafya."

Raihana akameza hasira, akarudisha kila hotuba na kila sahani ya pilau. Siku ya kuitazama, sebule ilijaa mashangazi. Hotuba ya kwanza haijafika katikati, Mwantum akaanza kujipepea kwa mtandio.

"Sukuma mbele kidogo."

"Mpaka wapi, shangazi?"

"Mpaka pale naingia."

Wenzake wakadakia, kila mmoja na pale pake.

Kesho yake Raihana akamtumia kila shangazi video fupi ya kwake peke yake, akiingia na zawadi yake. Mwantum akaisambaza kwa shoga zake wote, na kabla ya adhuhuri wateja wakaanza kupiga simu.

"Hii sasa ndiyo harusi!" alisema Mwantum.

Maharusi wenyewe hawakuwemo hata kidogo.